Msipeane Mikono Kabla Hamjasemezana

Kikao cha usuluhishi katika makanisa mengi ya Dar es Salaam kina mwendo wake unaojulikana. Mzee wa kanisa anafungua kwa sala, kila upande unapewa dakika chache za kujieleza, mtu mmoja anayeheshimika anakumbusha kuwa sisi sote ni watoto wa Baba mmoja, kisha waliogombana wanaambiwa wasimame wapeane mikono. Makofi, pambio, sala ya kufunga, soda. Haupiti muda mrefu, mmoja kahamia kanisa la mtaa wa pili na mwingine kaacha kwaya.

Sisi tunaofanya kazi ya ushauri wa kichungaji tunawapokea watu hawa baada ya hapo, na malalamiko yao yanafanana: "Mchungaji, tulisameheana, lakini jambo lenyewe halikuzungumzwa." Maandiko hayaijui amani ya namna hiyo. Nabii Yeremia aliwakemea viongozi wa dini wa siku zake kwa kosa hilohilo: "Wameiponya jeraha ya watu wangu kwa juu juu tu, wakisema, Amani, Amani, wala hapana amani" (Yeremia 6:14). Mikono inayopeanwa kabla jambo halijasemwa ni rangi mpya juu ya ukuta unaotoa chumvi, na aliyejenga pwani anajua rangi hiyo itakaa muda gani.

Makala haya yanaeleza nini kifanyike kabla ya mikono kupeanwa, na pia ni wapi mikono isipeanwe kabisa.

Aambiwe kwanza mwenyewe

"Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo" (Mathayo 18:15). Asipokusikia, unachukua mtu mmoja au wawili pamoja nawe. Akikataa hata hao, ndipo kanisa linaambiwa. Ngazi ni tatu, na kila mwalimu wa shule ya Jumapili anazijua. Tabu ni kwamba sisi tunaanzia juu. Jambo linatua kwanza kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, linafika kwa mashemeji, na aliyekosa analisikia mwisho kabisa, tena kwa mtu baki.

Upo pia mlango wa uani ambao waumini tunaupenda: ombi la maombi. "Wapendwa, naomba tumwombee dada yetu fulani, siwezi kusema mengi, Mungu anajua." Mengi yameshasemwa hapo. Huyo dada akikutana na wenzake Jumapili anaona macho yamebadilika, na hajui amefanya nini.

Ukienda kuonana na mwenzako, nenda na tukio, tabia yake iache nyumbani. "Jumapili iliyopita ulinitaja mbele ya watu kwamba sijalipa mchango wa sare" ni neno linalojibika. Anaweza kukubali, anaweza kueleza, anaweza kukuonyesha kuwa ulisikia vibaya. "Wewe una dharau" halijibiki, maana hapo umeshamhukumu, na atakachofanya ni kutafuta dharau zako wewe. Chagua pia mahali. Langoni baada ya ibada, watu wanagombania bodaboda na watoto wanalia njaa, si mahali pa mazungumzo. Ujumbe wa sauti wa dakika sita nao si mazungumzo, ni hotuba. Tena utasambazwa.

Hapa niseme neno kuhusu Waefeso 4:26, "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka". Wanandoa wengi wamefundishwa kuwa mstari huu unawadai wamalize kila ugomvi kabla ya kulala. Wanakesha wakijibizana, na maneno mabaya kuliko yote hutoka saa saba za usiku. Mtume anakataza uchungu kulelewa na kuwekewa akiba. Mtu aliyechoka na aliyekasirika akimwambia mwenzake, "Hili tutalizungumza kesho jioni nikirudi kazini," na jioni ikifika akakaa kweli kulizungumza, huyo amelitii neno vizuri kuliko aliyelimaliza usiku kwa kelele.

Wale mashahidi wawili nao tunawaelewa vibaya. Wengi wetu tunabeba mashahidi ili upande wetu uwe mzito: dada yangu, shoga yangu, na shemeji aliyekuwa na kinyongo naye tangu zamani. Kanuni hiyo inatoka Kumbukumbu la Torati 19:15, na iliwekwa kumlinda mshitakiwa asihukumiwe kwa neno la mtu mmoja. Kwa hiyo anayefaa ni mtu ambaye wote wawili mnamkubali, anayeweza kukuambia na wewe umekosea wapi. Ahadi maarufu ya "wawili watatu" waliokusanyika kwa jina la Bwana (Mathayo 18:20) imo katika sura hiyohiyo, mistari michache tu baada ya maneno ya kumrudisha ndugu aliyekosa. Tumezoea kuitumia kufarijiana ibada ya katikati ya wiki inapokuwa na watu wachache. Si vibaya, ila pale ilipoandikwa inawahusu kwanza watu waliokaa kutafuta suluhu.

Na anayekataa ngazi zote tatu? Yesu anasema awe "kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru". Kuna makanisa yanausoma mstari huu kama ruhusa ya kumnyima mtu salamu na kumkatia mguu kwenye msiba wake. Kanisa lina haki ya kumwondoa mtu kwenye uongozi au kumwekea nidhamu. Lakini injili hii inaitwa kwa jina la Mathayo, ambaye yeye mwenyewe aliitwa akiwa ameketi forodhani (Mathayo 9:9), na watoza ushuru ndio ambao Yesu alikaa nao mezani.

Daftari mezani

Tuchukue mfano uliotungwa, majina ni ya kubuni, ila wanaokaa kwenye vikoba watautambua. Mama Neema ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa jumuiya moja Mbagala. Mama Joshua alikopa shilingi 600,000. Anasema amerejesha zote. Daftari linaonyesha 450,000. Siku ya kuvunja kikoba anakatwa 150,000 kwenye mgao wake, naye anasimama mbele ya wote na kusema, "Mnakula hela za wajane." Mama Neema analia, mzee wa jumuiya anaombwa aingilie, wanaambiwa wasameheane, wanapeana mikono. Zile 150,000 hakuna aliyezigusa.

Kikao kinachofaa kinaanza kwa kuweka daftari mezani pamoja na simu za wote wawili zenye ujumbe wa miamala. Msuluhishi anasoma tarehe moja baada ya nyingine, kwa sauti, na kila tarehe inaulizwa: ilitolewa kwa njia gani, ilipokelewa na nani. Kazi hii inachosha na haina utukufu wowote. Lakini ndiyo inayogundua kwamba siku Mama Neema alipokuwa msibani Mkuranga, katibu alipokea 100,000 mkononi, akaandika kwenye karatasi ya kando, na karatasi haikuhamishiwa daftarini. Inagundua pia kwamba 50,000 zilizobaki ni faini za kuchelewesha marejesho, ambazo Mama Joshua alikuwa hajui kuwa zinakatwa kwanza kabla ya deni.

Angalieni kilichotokea. Mwizi hakuna. Kuna katibu mzembe, kuna utaratibu ambao haukuelezwa kwa wanachama, na kuna neno zito lililosemwa hadharani. Kila kimoja kinataka dawa yake. Kikoba kinamrudishia Mama Joshua 100,000 zake. Faini inajadiliwa na wanachama wote, kwa sababu inawahusu wote. Na lile neno la kula hela za wajane halifutwi chumbani. Lilisemwa mbele ya kikoba kizima, basi litaombewa radhi mbele ya kikoba kizima. Nimeona wasuluhishi wengi wakipaogopa hapa, wakisema tusimwaibishe. Aliyeaibishwa kwanza ni mwingine, na yeye bado anatembea na aibu hiyo sokoni.

Zakayo hakuishia kusema samahani. "Ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne" (Luka 19:8). Yesu hakumzuia kwa kusema kuwa msamaha unatosha. Mwenye kudai anaweza kuamua kulisamehe deni lake, na hilo ni jambo kubwa la imani. Ila ni yeye wa kuamua. Mzee wa kanisa hana mamlaka ya kusamehe fedha ambazo si zake, na kumbana mtu mbele ya madhabahu aseme "nimesamehe" ni kumnyang'anya mara ya pili.

Kitabu cha Matendo kina kisa kinachofanana na hiki. Katika sura ya 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakaanza. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji waache roho ya malalamiko. Waliwaita wote, wakakubali kuwa kazi imewazidi, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kiyunani, kwa hiyo ni rahisi kuona kuwa upande uliolalamika ulipewa nafasi ya kusimamia mgao. Mgogoro ulimalizwa kwa kubadilisha utaratibu. Kwa kikoba chetu cha Mbagala hiyo ina maana ya risiti kwa kila pesa ya mkononi, na daftari la pili linalokaa kwa mtu mwingine.

Kanisa linapokuwa ndilo lenye kosa

Mathayo 5:23-24 ina kona ambayo wasomaji wengi wanaipita bila kuiona. "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Anayeambiwa aondoke hapa hajakosewa. Mwenye neno ni yule mwingine, aliyebaki nyumbani. Sadaka inasubiri.

Sasa fikirieni mkesha wa Ijumaa katika mtaa uliobanana, Manzese au Tandale, nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta na spika nne zimeelekezwa barabarani. Jirani ana mtoto mgonjwa. Mwingine anaamka alfajiri kuwahi Feri kuchukua samaki. Wakilalamika wanaambiwa wanapinga kazi ya Mungu, na kama ni Waislamu jambo linageuzwa kuwa la dini wakati ni la usingizi. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na hazijaandikwa kwa ajili ya baa peke yake. Ila mchungaji asingoje barua ya serikali. Atoke, avuke barabara, abishe hodi kwa jirani, avue viatu, akae, asikilize. Asiende na kipaza sauti moyoni. Spika zikigeuzwa zitazame ndani na sauti ikashushwa baada ya saa nne usiku, Roho Mtakatifu hatapungukiwa kitu.

Kwa majirani wa imani nyingine ngazi ya "liambie kanisa" haipo, lakini Warumi 12:18 ipo: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Mitaa yetu imejaa watu wanaoweza kukaa katikati: mjumbe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, imamu, bibi mmoja ambaye kila mtu anamwamkia shikamoo. Wakristo tusione haya kumwendea imamu atusaidie kusemezana na jirani yetu. Naye akija kwetu na shida ya namna hiyo, apewe kiti.

Mirathi, ardhi na ndoa

Mtu mmoja alimwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi. Jibu: "Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?" (Luka 12:14). Wachungaji wangelikariri jibu hili. Baba amefariki, ameacha nyumba Temeke yenye wapangaji, watoto ni wa mama wawili, na siku ya arobaini mchungaji anaombwa aseme nani akusanye kodi. Asiseme. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, lakini anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na msimamizi huyo ana wajibu wa kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu, kugawa kwa warithi na kuirudishia mahakama hesabu. Kanisa linaweza kusaidia ndugu wasikilizane kabla ya kikao na lisiwaache baada ya hukumu. Mgawo si kazi yake.

Migogoro ya mipaka ya viwanja inapitia baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo anayemwambia jirani yake "tukutane kata, utaniona" anapaswa kujua kuwa kata anakwenda kuketi naye meza moja.

Kwa ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri la talaka litanguliwe na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa kwa mazingira machache yaliyotajwa na sheria yenyewe, na jumuiya za dini zinaweza kuwa na mabaraza hayo zikiidhinishwa. Kikao cha wazee wa kanisa chini ya mwembe, hata kikiwa na busara nyingi, hakiwi baraza hilo kwa kuwa tu kimekaa.

Waumini wengi wanauliza kama kwenda mahakamani ni dhambi, wakikumbuka 1 Wakorintho 6. Paulo pale anawaaibisha ndugu walioshindwa kupata hata mtu mmoja mwenye hekima katikati yao wa kuamua mambo yao. Ni aibu ya kanisa lisilosuluhisha. Paulo huyohuyo, alipoona haki yake inachezewa, alitaka rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11), wala hakuomba radhi kwa hilo.

Yasiyosuluhishwa

Mke aliyepigwa hasuluhishwi na mumewe kwa kuambiwa wote wawili wamekosa. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Jambo la kwanza ni usalama wake, la pili ni matibabu na fomu namba tatu ya polisi, PF3, la tatu ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mazungumzo ya ndoa, kama yatakuwepo, yanakuja baadaye sana, na kwa hiari yake. Kuwaketisha meza moja mtu mwenye hofu na mtu anayemtia hofu, kisha kuwauliza kila mmoja anasemaje, ni kikao cha upande mmoja. Mwenye hofu atasema kila kitu kiko sawa.

Mtoto aliyeharibiwa ndiyo kabisa. Familia zinakaa, mshitakiwa ni mjomba au mpangaji, au mtumishi wa kanisa, fedha inatolewa, watu wanasema tusivunje undugu. Hilo ni kosa la jinai, na hakuna mzee wa ukoo wala askofu mwenye mamlaka ya kulimaliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mwanajamii yeyote anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya eneo husika. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kuipiga ni bure. Mchungaji aliyesikia habari hizo ofisini kwake asijifiche nyuma ya siri za ushauri.

Mmoja akikataa

Warumi 12:18 inaanza na "kama yamkini". Kuna watu utawaendea mara tatu na mlango haufunguki. Paulo na Barnaba walitofautiana juu ya Yohana Marko, aliyewaacha njiani Pamfilia, "basi palitokea mashindano baina yao hata wakatengana" (Matendo 15:39). Luka haandiki nani alikuwa na haki. Mmoja alikwenda Kipro na Marko, mwingine Shamu na Kilikia na Sila, na kazi ikaendelea pande mbili. Miaka baadaye barua kwa Timotheo inaagiza Marko aletwe, "maana anifaa kwa utumishi" (2 Timotheo 4:11). Kutengana kwa muda bila kuchafuana ni jambo linalokubalika kuliko kukaa pamoja mkitegeana. Kwa hiyo mwimbaji anayehamia kwaya nyingine asifuatwe na maneno, naye asiende kuyapanda huko aendako.

Mliofanikiwa kuelewana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: nini kilitokea kwa jinsi pande zote zinavyokubali, nani atalipa au kurudisha nini, kwa kiasi gani na kufikia tarehe ipi, neno gani litasemwa hadharani na wapi, na nani atafuatilia. Msiandike "tumesameheana yote", andikeni yote ni yapi. Kila upande usaini na ubaki na nakala, msuluhishi awe na ya kwake, na siku ya kukutana tena ipangwe palepale kabla watu hawajanyanyuka, angalau mwezi mmoja mbele. Siku hiyo ikifika, msuluhishi aanze kwa kuuliza kama fedha imelipwa.